Gumegume ya Pwani ya Kusini

Mwabungo iko upande wa bahari wa barabara ya Ukunda kwenda Lunga Lunga, jirani na Kinondo na kaya yake, mwendo mfupi kabla ya Gazi. Wageni wa Diani wanaijua kwa mchanga mweupe na utulivu. Wenyeji wanaijua kwa minazi, uvuvi na nyani wasiochoka kuvamia mashamba. Ni wachache wanaoitaja pamoja na bunduki. Hata hivyo, pwani hii ilikuwa sehemu ya mlango ambao silaha za Ulaya na Marekani ziliingilia Afrika Mashariki, na Gazi hapo jirani ilikuwa makao ya mtu aliyewasumbua masultani wa Unguja, kisha Waingereza, kwa zaidi ya miaka ishirini akitegemea silaha hizo.

Bunduki inayozungumzwa hapa ni gumegume: bunduki ya kushindilia kwa mdomoni, inayowashwa kwa jiwe linalokwaruza chuma. Katika nchi kadhaa, kununua bunduki ya aina hii yenye umri wa miaka mia mbili na kwenda nayo uwanjani kupiga shabaha ni burudani ya Jumamosi. Je, mtu wa Mwabungo anaweza kufanya hivyo? Na je, inafaa? Swali la kwanza lina jibu fupi: kuipata ni shida, na kuipiga ni shida kubwa zaidi. La pili linahitaji maelezo, kwa sababu bunduki hizi ni ushahidi wa historia ya watu wa hapa, na sheria za Kenya zinaitazama bunduki moja kwa macho mawili yasiyoonana.

Chombo chenyewe ni rahisi kukieleza na kigumu kukimudu. Kwenye mtambo kuna taya linaloshika kipande cha jiwe gumu lililochongwa. Mpigaji akivuta kifyatuo, taya huruka mbele, jiwe hukwaruza kibao cha chuma cha pua, kibao hufunguka na cheche huangukia kisahani chenye baruti laini kidogo. Baruti hiyo huwaka, na ulimi wa moto hupenya kitundu kilichotobolewa ubavuni mwa mtutu hadi kwenye baruti kuu iliyoshindiliwa ndani. Hapo ndipo risasi hutoka. Kati ya kuvuta kifyatuo na kutoka kwa risasi hupita kitambo ambacho mpigaji hukihisi waziwazi: mwako kwanza, kishindo baadaye. Asiyezoea hushtushwa na ule mwako mbele ya jicho lake, mkono ukatikisika, na risasi ikaenda kwingine.

Mtambo huu ulipata umbo lake Ufaransa mapema katika karne ya 17, na Marin le Bourgeoys wa Lisieux ndiye anayetajwa zaidi kuwa mbunifu wake. Ulitawala majeshi ya Ulaya kwa takriban miaka mia mbili. Kabla yake ilikuwepo bunduki ya mrao, iliyohitaji utambi unaowaka muda wote, taabu kubwa siku ya mvua au upepo. Baada yake ikaja ya fataki, iliyotokana na kazi ya Alexander Forsyth, mchungaji wa Scotland aliyepata hataza yake mwaka 1807. Mwaka 1834 Waingereza walizishindanisha gumegume na fataki huko Woolwich, milio 6,000 kwa kila aina. Gumegume ilikataa kuwaka takriban mara mbili katika kila milio 13. Ya fataki ilikataa mara moja katika kila milio 166. Kwa majeshi ya Ulaya shauri likaishia hapo.

Kwa Afrika halikuishia hapo. Majeshi yalipobadili silaha, zile za zamani hazikuyeyushwa zote. Nyingi ziliuzwa kwa wafanyabiashara, nao wakazipakia melini. Viwanda vya Birmingham nchini Uingereza na Liège nchini Ubelgiji vilikuwa na soko kubwa la bunduki za bei nafuu zilizotengenezwa makusudi kwa ajili ya Afrika. Isitoshe, gumegume ilikuwa na faida moja ambayo mnunuzi wa bara aliielewa vizuri kuliko mtaalamu wa Woolwich. Fataki zikiisha, na duka la karibu liko safari ya miezi miwili, bunduki inakuwa rungu. Jiwe likichakaa huchongwa upya au hubadilishwa kwa jingine. Mji mdogo wa Brandon, mashariki mwa Uingereza, uliendelea kuchonga mawe ya gumegume kwa soko la Afrika hadi karne ya 20, wakati ambapo jeshi la Uingereza lenyewe lilikuwa limeshaitupa gumegume kwa miongo mingi.

Unguja ndiyo iliyokuwa soko kuu. Mkataba wa biashara ambao Edmund Roberts wa Marekani aliuafiki na Sayyid Said mwaka 1833 uliitaja misketi na baruti bayana, ishara kwamba pande zote mbili zilijua ni bidhaa gani ingepigiwa mahesabu. Kutoka Unguja bidhaa hizo zilisambaa kwa majahazi hadi Pangani, Vanga na Mombasa, zikapanda bara pamoja na merikani, shanga na waya wa shaba, na zikalipiwa kwa pembe za ndovu na kwa watu. Jambo hilo la mwisho halipaswi kupitiwa haraka. Bunduki zilizouzwa Afrika Mashariki zilitumika kuwinda ndovu, kulinda misafara na kulinda vijiji, lakini pia zilitumika kukamata binadamu, na anayeitafuta bunduki ya kale kwa ajili ya uzuri wake hana budi kukubali kwamba huenda ameshika chombo cha kazi hiyo.

Misafara ilipenda mlio. Bunduki zilipigwa siku ya kuondoka na siku ya kuwasili, na mji ulijua ukubwa wa msafara kwa wingi wa milio kabla ya kumwona mtu. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alisimulia katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, kwamba jina la Tippu Tip alipewa kutokana na sauti ya bunduki zake. Mwanahistoria R. W. Beachey, katika makala aliyoichapisha mwaka 1962 kuhusu biashara hiyo, alikadiria kuwa takriban bunduki milioni moja ziliingia katika maeneo ya Waingereza na Wajerumani kati ya 1885 na 1902, pamoja na zaidi ya ratili milioni nne za baruti. Hata kama kadirio hilo litapunguzwa kwa nusu, bado ni vigumu kuamini kwamba zote zimetoweka.

Kisha likaja jambo ambalo linaeleza kwa nini gumegume ilidumu hapa kuliko mahali pengi. Tarehe 2 Julai 1890, madola yaliyokutana Brussels kuhusu biashara ya utumwa yalitia saini Mkataba Mkuu. Miongoni mwa mambo mengine, mkataba huo ulipiga marufuku kuingiza silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, kati ya latitudo ya 20 kaskazini na ya 22 kusini, visiwa vya karibu na pwani vikiwemo. Lakini uliacha dirisha moja. Bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, zingeweza kuendelea kuuzwa kwa masharti. Hapo hapakuwa na bahati wala sadfa. Wazungu walikuwa wameshaipima silaha hiyo, wakaona kwamba mwenye nayo hawezi kumshinda mwenye bunduki ya kisasa ya kujazwa nyuma, achilia mbali mzinga wa Maxim. Mwafrika aliruhusiwa kuwa na bunduki kwa sharti kwamba iwe bunduki ya kushindwa.

Miaka mitano baadaye sera hiyo ilijaribiwa nyuma ya Gazi.

Mazrui walikuwa watawala wa Mombasa hadi mwaka 1837, Sayyid Said alipowaondoa. Waliobaki wakagawanyika, tawi moja likaenda Takaungu kaskazini na jingine Gazi kusini. Sheikh Mbaruk bin Rashid wa Gazi alikuwa wa tawi hili la kusini, na tangu miaka ya 1870 aliasi mara kwa mara dhidi ya masultani wa Unguja. Ngome yake ilikuwa Mwele, katika misitu ya milima nyuma ya pwani, mahali ambapo jeshi la Sultani chini ya Lloyd Mathews lilikwenda kumzingira mwaka 1882. Februari 1895 alifariki mkuu wa Mazrui wa Takaungu, Salim bin Khamis, na Waingereza wakampendelea Rashid bin Salim katika urithi badala ya binamu yake aliyekuwa na nguvu zaidi. Ugomvi ukawa vita, na Mbaruk wa Gazi akaingia. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Afrika Mashariki. Tarehe 17 Agosti Admirali Harry Rawson aliichukua Mwele kwa mabaharia na wanamaji wake, na askari hao wakapewa nishani yenye maneno Mwele na mwaka 1895 yaliyochongwa ukingoni. Vita havikuisha. Vilihitaji askari wa Kihindi walioletwa Machi 1896, na mwezi uliofuata Mbaruk akavuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alikaa Dar es Salaam hadi alipofariki mwaka 1910. Rawson naye, mnamo Agosti 1896, ndiye aliyelipiga mizinga kasri la Unguja.

Wapiganaji wa Mwele walikuwa na silaha za vizazi mbalimbali, na ni kosa kuwaza kwamba wote walishika gumegume. Ni kosa pia kuwaza kwamba aliyeshika gumegume alikuwa na nguvu kuliko jirani yake mwenye upinde. Wamijikenda walikuwa na mishale yenye sumu ambayo haikutoa moshi wala mwako, na mpiga mishale hodari alitoa mishale kadhaa wakati askari aliyefunzwa vizuri anatoa risasi mbili au tatu. Gumegume yenye mtutu laini ilikuwa na uhakika kwa takriban mita sabini tu, na siku za masika baruti iliyolowa haikuwaka kabisa. Nguvu yake ilikuwa katika kishindo, katika uzito wa risasi ya poropoo dhidi ya ndovu, na katika hadhi ya mwenyewe. Kwa hiyo ilithaminiwa, ikapakwa mafuta, ikafungwa nyuzi za shaba pale kitako kilipopasuka, na ikarithiwa.

Urithi huo ndio unaolifanya swali la leo kuwa la kweli. Anayetaka kupata bunduki ya namna hii pwani ya kusini ana njia chache. Yupo anayeirithi, ikiwa imefichwa darini au kufukiwa tangu enzi za babu. Yupo anayeikuta katika duka la vitu vya kale, Mombasa au Mji Mkongwe wa Unguja. Na yupo anayeweza kuagiza nakala mpya kutoka ng'ambo, kwa mfano kutoka Gardone Val Trompia nchini Italia, ambako kampuni ya Pedersoli, iliyoanzishwa mwaka 1957, hutengeneza nakala za bunduki za kale.

Mnunuzi wa duka la vitu vya kale anahitaji tahadhari kubwa kuliko wote. Kwanza asitarajie raifo. Raifo halisi, yaani bunduki yenye michirizi ndani ya mtutu inayoizungusha risasi, ilikuwepo katika zama za gumegume. Mafundi wa Kijerumani wa Pennsylvania walisifika kwa raifo zao ndefu, na Uingereza ilikuwa na raifo ya Baker tangu 1800. Lakini zilizoletwa Afrika Mashariki kwa ajili ya kuuzwa zilikuwa karibu zote za mtutu laini, na Mkataba wa Brussels ukaligeuza hilo kuwa sharti. Muuzaji anayetoa raifo ya gumegume akidai ilikuwa ya msafara wa Tabora ana maelezo mengi ya kutoa. Pili, neno TOWER na taji juu ya mtambo si uthibitisho wa kitu, kwa kuwa alama hiyo ya ghala la silaha la London iliigwa mno kwenye bunduki za biashara. Alama za kuaminika zaidi ni zile za majaribio zilizopigwa kwenye mtutu wenyewe. Nyumba ya majaribio ya Birmingham ilianzishwa kwa sheria ya 1813, na kazi yake ilikuwa kuupiga kila mtutu kwa baruti nyingi kupita kiasi kabla ya kuuidhinisha. Tatu, vipo vitu vilivyotengenezwa juzi kwa ajili ya watalii, kwa mabomba ya kawaida na kutu ya kupikwa. Hivyo vikipigwa vinaua, na anayekufa ni mpigaji.

Hatari nyingine haina uhusiano na udanganyifu. Bunduki nyingi za kale hupatikana zikiwa bado zimeshindiliwa. Mwenyewe aliiweka tayari kwa ajili ya nguruwe wa shambani au wezi, akafa, na hakuna aliyejua. Baruti nyeusi, ile ya shura, makaa na salfa, haifi kwa umri ikiwa imekaa kavu. Baada ya miaka mia moja inaweza kuwaka kama ya jana. Mafundi wa silaha huingiza kijiti mtutuni hadi kitakapogota, wakakipima nje sambamba na mtutu. Kijiti kikiishia mbali na kitundu, kuna kitu ndani. Kwa mtu wa kawaida somo ni fupi zaidi: bunduki ya babu isiguswe kifyatuo, isielekezwe kwa mtu, na isiwekwe karibu na moto.

Baada ya hayo huja sheria, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inaeleza silaha kwa upana: chombo chochote chenye mtutu kinachoweza kuua na ambacho kinaweza kutoa risasi, marisau au kitu kingine cha kurushwa. Gumegume inaingia humo moja kwa moja. Kuwa nayo bila cheti ni kosa, na adhabu yake hufikia miaka mingi jela. Maombi hupitia Bodi ya Leseni za Silaha, ambayo humchunguza mwombaji, tabia yake na sababu yake ya kutaka silaha. Desemba 2018 serikali iliagiza hata waliokuwa na leseni tayari wahakikiwe upya, dalili ya jinsi macho yalivyo makali. Baruti ni suala jingine kabisa, kwa maana iko chini ya Sheria ya Milipuko, Sura ya 115, na inahitaji kibali chake. Mtu akifaulu yote hayo, bado hawezi kuwinda. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku Kenya tangu Mei 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 haikuulegeza. Nyani wa Mwabungo wana sheria upande wao.

Kisha ifunguliwe Sheria ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006. Humo kitu cha kale kinaelezwa kuwa ni kitu chochote kinachohamishika, mbali na kitabu au hati, kilichotengenezwa Kenya au kuingizwa Kenya kabla ya mwaka 1895. Mwaka huo, 1895, ni uleule wa kutangazwa kwa himaya na wa kuanguka kwa Mwele. Kwa hiyo gumegume iliyoteremshwa ufukweni enzi za Mbaruk, kwa sheria hii, ni mali ya thamani kwa taifa: haiuzwi na mfanyabiashara asiye na leseni ya vitu vya kale, na haitolewi nchini bila kibali. Kwa sheria ile nyingine, bunduki hiyohiyo ni silaha haramu kama bastola iliyokamatwa Likoni. Afisa wa polisi anayeikuta darini Mwabungo anafunzwa kuitazama kwa jicho moja. Mhifadhi wa Ngome ya Yesu, ambayo imekuwa makumbusho tangu 1960, anafunzwa kuitazama kwa jicho la pili. Familia iko katikati, na kwa kawaida huchagua kunyamaza.

Nchi nyingine zimelitatua jambo hili kwa namna tofauti. Marekani, kwa sheria yake ya silaha ya 1968, haihesabu kuwa silaha ya kawaida bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla, wala nakala za gumegume. Mkenya anayeishi Indiana anaweza kwenda Friendship, yalipo makao ya chama cha wapigaji wa bunduki za kushindilia kilichoanzishwa mwaka 1933, akashuhudia mashindano, ingawa kila jimbo lina masharti yake. Uingereza imechagua njia ya kati. Bunduki ya kale ikihifadhiwa kama pambo haihitaji cheti, lakini mwenyewe akiamua kuipiga inahitaji, na baruti inahitaji idhini ya polisi. Afrika Kusini, kwa sheria yake ya 2000, inamtaka mwenye bunduki ya kushindilia awe na cheti cha umahiri, bila leseni ya kila bunduki. Hata Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya 2001 dhidi ya utengenezaji na usafirishaji haramu wa silaha, ambayo Kenya ni mwanachama wake, inaziacha nje bunduki za kale na nakala zake kwa kadiri ya sheria za kila nchi, ikiweka mpaka kwamba zile za kale zisiwe zimetengenezwa baada ya 1899. Mfano wa Uingereza ndio unaofaa zaidi kuigwa hapa, kwa kuwa unatenganisha kumiliki na kupiga, mambo mawili ambayo Kenya imeyafunga kamba moja.

Anayepinga wazo hilo ana hoja ya haki, na hoja hiyo iko Tanzania. Huko gobore, yaani bunduki ya kienyeji ya kushindilia, bado ni silaha hai. Mafundi wa vijijini huyatengeneza kwa mabomba na vipuri vya kuokota, wakulima huyatumia dhidi ya ngedere na nguruwe, na majangili huyatumia dhidi ya tembo. Polisi wa mikoa kama Katavi, Tabora na Kigoma mara nyingi wameonyesha waandishi wa habari mafungu ya magobore yaliyosalimishwa au kukamatwa. Mtu aliyejeruhiwa na gobore hajali kama teknolojia yake ni ya karne ya 17. Kwa hiyo msamaha wowote wa kisheria ukiandikwa kwa uzembe, ukasema tu kwamba bunduki ya kushindilia ni huru, utafungua mlango kwa kila bomba lililochomelewa wiki iliyopita. Mpaka unapaswa kuwa umri uliothibitishwa na mtaalamu, si namna ya kujaza. Na mpaka wa umri upo tayari katika sheria ya 2006.

Kuhusu kupiga kwenyewe, ukweli usemwe wazi: gumegume halisi ya pwani hii haifai kupigwa hata kama sheria ingeruhusu. Chuma chake kilifuliwa kwa kukunjwa na kuunganishwa kwa moto, na maungio hayo yamekaa zaidi ya karne katika hewa ya chumvi. Kutu ya nje huonekana. Ya ndani, karibu na kitako cha mtutu ambako shinikizo ni kubwa, haionekani. Bunduki za biashara hazikuwa imara hata zilipokuwa mpya. Anayeijaribu kwa baruti ya kisasa isiyo na moshi, yenye shinikizo kubwa mno kwa mtutu wa namna hiyo, anaitengeneza kuwa bomu.

Nakala mpya ni habari nyingine, na katika viwanja vinavyoruhusu, kuipiga ni ufundi wa kuvutia. Baruti nyeusi hupimwa kwa kipimo, kamwe haimiminwi moja kwa moja kutoka kwenye chombo kikubwa, kwani cheche iliyobaki mtutuni inaweza kupanda hadi mkononi. Risasi ya duara hufungwa kitambaa kilichopakwa mafuta, husukumwa kwa mdeki hadi igusane na baruti, maana nafasi tupu kati yao inaweza kupasua mtutu. Kisahani hutiwa baruti mwisho kabisa, mtambo hupanzwa, na mpigaji hushikilia shabaha hata baada ya mwako kwa sababu risasi bado haijatoka. Bunduki ikikataa, huelekezwa mbele kwa muda wa kutosha kabla ya kufanya lolote. Kazi ngumu huja jioni. Masizi ya baruti nyeusi hunyonya unyevu na kula chuma, kwa hiyo mtutu huoshwa kwa maji moto siku hiyohiyo, hukaushwa na kupakwa mafuta. Katika pwani ya kusi na chumvi, bunduki iliyoachwa hadi asubuhi huanza kutu. Viwanja vya Kenya, kama kile cha Kirigiti huko Kiambu, vimezoea bastola na raifo za kisasa. Mashindano ya bunduki za kushindilia yana shirikisho lake la kimataifa, MLAIC, lililoundwa mwaka 1971, na yana darasa la bunduki halisi na darasa la nakala.

Lakini haja kubwa ya Mwabungo, Gazi, Msambweni na Vanga kwa sasa si uwanja wa shabaha. Ni kuzijua bunduki zilizopo kabla hazijapotea. Novemba 2016, na tena Juni 2021, serikali ya Kenya iliteketeza hadharani huko Ngong zaidi ya silaha elfu tano kwa kila mara. Kuziangamiza silaha za wahalifu ni kazi njema na inapaswa kuendelea. Kinachokosekana ni mtu wa makumbusho kukaa mezani kabla ya moto kuwashwa, mwenye mamlaka ya kusema kwamba hii ni ya kabla ya 1895, itolewe. Ada yake ni ndogo mno ikilinganishwa na hasara ya kuyeyusha kitu ambacho hakuna kiwanda kinachoweza kukirudisha.

Bodi ya Leseni na Makumbusho ya Taifa wanaweza kulimaliza hilo kwa makubaliano ya pamoja, hata kabla ya Bunge kugusa sheria: kipindi cha wazi ambapo familia za Kwale zinaleta habari za bunduki walizorithi bila kushtakiwa, mtaalamu anakuja nyumbani, anahakikisha haina kitu mtutuni, anazima uwezo wake wa kupiga kwa njia isiyoiharibu, anapima urefu, anapiga picha alama, na anaandika jina la aliyeirithi na alivyosimuliwa na wazee wake. Mwenye kutaka kuitoa kwa makumbusho aitoe. Mwenye kutaka kubaki nayo ukutani apewe hati. Hadi siku hiyo, anayeikuta gumegume darini afanye mambo matatu: asiisafishe wala kuijaribu, aripoti kituo cha polisi kwa maandishi akiwa na mzee wa mtaa au chifu kama shahidi, na apeleke nakala ya ripoti hiyo Ngome ya Yesu siku hiyohiyo, ili bunduki iwe na faili katika ofisi zote mbili kabla mtu yeyote hajaamua hatima yake.